Gereji ya babu inauzwa, nianzie wapi kuhifadhi kumbukumbu yake?

Swali, kutoka kwa msomaji wa Tanga: "Babu alifungua gereji Ngamiani mwaka 1958. Alikuwa ananunua gari za mameneja wa mashamba ya mkonge waliokuwa wanaondoka, anazitengeneza, anaziuza. Baba akaendeleza, na kuanzia miaka ya 80 watu walitujua kwa gari za zamani tu, Morris Minor, Peugeot 404, Land Rover. Baba amefariki mwaka jana. Ndugu zangu wawili wako Maskati na mmoja Dar, wanataka kiwanja kiuzwe kabla mwaka haujaisha. Kilichobaki ni 404 moja mbovu, Land Rover moja inayotembea, makabati ya makaratasi, sanduku la picha, na fundi wetu wa siku zote ambaye tunamwita Ami, ana zaidi ya miaka 80. Nina hela kidogo, nilifikiria niitengeneze 404 iwe mpya kabisa ikae kama kumbukumbu ya familia. Ni wazo zuri? Na kama sio zuri nianzie wapi?"

Jibu:

Dada yangu, kwanza pole sana kwa kuondokewa na mzee, Mungu amrehemu. Swali lako nimelisoma mara tatu. Umeeleza habari za kiwanja na 404, alafu Ami umemtaja mwishoni kabisa, baada ya makabati na sanduku la picha. Mimi ningemtoa huko mwisho nimweke wa kwanza. Ile gari imekaa juu ya mawe miaka yote hiyo, ikikaa miezi mitatu mingine haitaharibika sana kuliko ilivyo, lakini mtu wa miaka 80 na kitu huwezi kumpangia miezi mitatu.

Nasema hivi kwa sababu yalishanikuta. Kazi yangu miaka zaidi ya 20 sasa ni nyaraka za familia na za biashara ndogondogo, na zamani kidogo kuna familia moja ya Moshi waliniita, walikuwa na duka la spea za magari tangu enzi za mkoloni. Nikakuta leja zimejaa chumba, nikafurahi kama mtoto, nikazama humo miezi miwili napanga na kupiga picha ukurasa kwa ukurasa. Kulikuwa na mzee mmoja, mtunza stoo wao wa miaka mingi, anakaa mtaa wa pili tu, kila nikipita tunasalimiana ananiambia "njoo tuongee", namjibu nakuja mzee wangu ngoja nimalize hivi vitabu. Siku nimemaliza nikaenda, nikakuta turubai limefungwa nje na watu wamekaa kwenye mikeka. Kwenye zile leja kuna majina ya wateja yamewekewa kiduara kidogo cha penseli nyekundu pembeni, mamia kwa mamia, miaka karibu 30. Kinamaanisha nini? Wanaolipa kwa shida? Ndugu wa mwenye duka? Watu wa kupewa spea bila kuuliza? Aliyekuwa anaweka vile viduara alikuwa yule mzee na hakuna mtu mwingine anayejua. Vitabu vyote tunavyo, vimehifadhiwa vizuri kabisa, na jambo kubwa kuliko yote yaliyomo limepotea moja kwa moja.

Kwa hiyo nenda kwa Ami wiki hii. Usiende mikono mitupu, na siku ya kwanza usitoe simu, kaa, msabahi, kula naye, mwambie baba kaacha vitu hamvielewi na unaomba akusaidie kuvitambua. Mzee fundi ukimwambia "nataka kukuhoji" atavaa kanzu nzuri, atakaa wima, na atakwambia babu yako alikuwa mtu mwema na kazi ilikuwa nzuri, dakika tano mmemaliza. Kumbukumbu za fundi ziko mikononi. Mpeleke gerejini, mkalishe kwenye kiti chenye mgongo kivulini, boneti ya 404 iwe wazi, alafu mpe kabureta aishike. Mpe spana. Muulize hii pingili ya bomba nani aliichomelea na kwa nini hapa. Utashangaa mtu aliyekuwa hakumbuki kitu anakwambia hii ilikuja kwa meneja wa shamba fulani njia ya Muheza, alikuwa na mbwa mwekundu, babu yako alimpa nusu ya hela na nusu akamalizia kwa kumtengenezea pampu ya maji.

Miaka usimuulize kabisa. "Ilikuwa mwaka gani" inawafunga wazee mdomo kwa sababu wanaogopa kukosea. Muulize ilikuwa kabla ya uhuru au baada, kabla ya Azimio la Arusha au baada, wakati wa vita ya Amin, wakati ule gari binafsi zimepigwa marufuku kutembea Jumapili mchana, mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, mvua za El Nino. Hivyo vyote vina tarehe zake, Azimio ni 1967, vita ni 1978 na 79, msako 1983, El Nino 1997 kuingia 98, wewe utapanga baadae ukiwa nyumbani. Na kipindi cha mwanzo wa miaka ya 80 mkae nacho sana, maana fedha za kigeni hazikuwepo na spea hazikuwepo, na hapo ndo nadhani siri ya gereji yenu ilipo. Umesema ni kuanzia miaka hiyo watu walianza kuwajua kwa gari za zamani tu. Muulize Ami kama ni kwa sababu mlipenda gari za zamani au kwa sababu za zamani ndo zilikuwa zinawezekana kutengenezwa kwa kuchonga vitu kwa mkono. Sijui atajibu nini ila hilo ndo swali ningelivukia bahari kwenda kuliuliza.

Kuhusu kurekodi, simu yako inatosha. Iweke kwenye hali ya ndege isije ikaita katikati, ilaze juu ya kitambaa kilichokunjwa isivute mtetemo wa meza, karibu na mdomo wake kuliko wako, na mkae mbali na feni na kompresa. Kama kuna simu ya pili nayo iwashe, kwa ajili ya mikono, video ya mikono yake tu akifungua na kufunga, sura yake utaipata kwenye picha nyingine. Anza kwa kutaja kwa sauti tarehe, mahali na nani yupo, alafu muombe ridhaa na yeye aitamke. Dakika 40 inatosha kwa siku, wazee wanachoka kabla hawajasema wamechoka. Kila kikao kikiisha hamisha faili siku hiyo hiyo. Na kuna kitu watu wengi wanasahau, rekodi na milio: mlango wa 404 ukifungwa, honi, Land Rover ikiwaka asubuhi ya kwanza ya siku. Wajukuu wa Maskati hawajawahi kusikia.

Tuje kwenye 404 yenyewe. Naelewa unavyoipenda, na Pijo ina haki ya kupendwa huku kwetu. Ilitoka 1960, bodi imechorwa na Pininfarina wa Italia, ikashinda Safari Rally 1963, 1966, 1967 na 1968, na ile 1966 na 67 dereva alikuwa Bert Shankland aliyekuwa akiishi Tanzania hapa hapa. Ile ya 1963 zilianza gari 84 zikamaliza 7, na ya kwanza ikawa 404. Baba yako na babu yako walifanya biashara wakati jina la gari hii liko midomoni mwa kila mtu, usishangae ukikuta kwenye lile sanduku picha za gari ya mashindano imezungukwa na watu, angalia namba kubwa iliyoandikwa mlangoni, kwa namba hiyo na mwaka unaweza kuipata ilikuwa gari ya nani.

Ila kuifanya mpya kabisa, hapana dada, nakusihi. Fikiria kilichomo. 404 iliyo kama ilivyotoka kiwandani wanazo Peugeot wenyewe kwenye makumbusho yao kule Sochaux, Ufaransa, na wenye hela zao duniani wanazo nyingi. Ya kwenu ina vipande ambavyo ukienda Sochaux hutavikuta. Ina bushi ambazo pengine zimekatwa kwenye tairi la lori, ina bracketi ya dainamo iliyochongwa kwa tupa kutoka kwenye chuma cha reli, ina waya za rangi tatu tofauti kwenye njia moja kwa sababu siku hiyo waya wa rangi moja haukutosha. Hiyo ndo kazi ya gereji yenu, na imeandikwa kwenye gari kuliko ilivyoandikwa kwenye karatasi yoyote. Fundi wa kisasa atakayeipokea, na wala hana kosa, atang'oa kila kitu hicho akiita uchafu, ataweka spea mpya, atapiga rangi ya oveni, na utakuwa umelipa hela yako ya akiba kufuta mkono wa babu yako. Nimeona ikitokea kwa familia moja, gari ikarudi inang'aa, mzee wao akaizunguka mara mbili akauliza "hii ya nani?"

Kwa hiyo hela usiipeleke kwenye rangi, izuie tu isiendelee kuoza. Hewa ya bahari ya Tanga ina chumvi, ioshe gari kwa maji mengi yasiyo na chumvi, hasa chini na ndani ya madigadi, ikauke kabisa. Toa mikeka ya chini, kutu ya sakafu inaanzia pale maji yalipojificha. Petroli ya zamani iliyomo imwage yote, ikikaa inageuka gundi kwenye kabureta. Betri toa. Fungua plagi, tia oili kidogo kila silinda, alafu Ami aizungushe injini kwa mkono taratibu kama haijashika. Mawe ondoa, weka magogo au stendi chini ya ekseli, matairi yasibebe uzito. Na turubai la plastiki usilifunike, linafunga unyevu ndani gari inaoga jasho usiku kucha, funika na shuka kubwa za pamba na iwe chini ya paa lenye upepo. Panya watafutie paka.

Kabla ya yote hayo piga picha kibati cha chasi na namba iliyogongwa kwenye injini, andika pia kwa mkono. Kwa namba ya chasi, watunzaji wa kumbukumbu wa Peugeot wanaweza kukwambia ilitoka kiwandani lini. Na kibati hicho kilinde, wanunuzi wa vyuma chakavu wakisikia gereji inauzwa watakuja na mizani yao, na ndugu aliye mbali anaweza kukubali bei kwenye simu bila kujua kinachopimwa ni nini. Kama ni lazima kitu kiuzwe ili wengine waridhike, iuzwe Land Rover, inatembea na itapata mtu wa kuitunza, lakini ipigeni picha kila upande kwanza na muandike imenunuliwa na nani. Kadi za gari zote mbili ziangalie ziko kwa jina la nani, kama bado ni la babu au baba basi mambo ya msimamizi wa mirathi yaende kwanza ndo mfike TRA, hilo wakili atakueleza vizuri kuliko mimi.

Gereji yenyewe, yaani jengo, usilisafishe kwanza! Hili kosa linafanywa na kila mtu, mnakodi vijana wafanye usafi ili picha zipendeze na kwa siku moja wanatupa historia yote kwenye toroli. Piga picha kila kitu kilivyo na vumbi lake. Simama mlangoni, piga, geuka kidogo, piga tena, mpaka umezunguka. Alafu chora ramani kwa mkono pamoja na Ami: shimo liko wapi, jiliwa lilifungwa wapi, baba alikaa wapi akipokea wateja, wapi mama alileta chakula, kahawa iliuzwa upande gani, fundi rangi alifanyia kona ipi. Kuta zisome, mafundi wanaandika ukutani, namba za simu, vipimo, madeni, majina ya gari zinazosubiriwa. Na tafuta pale fundi rangi alipokuwa anajaribia bunduki yake kabla ya kupuliza gari. Kwenye gereji moja nilikuta ubao wa mlango wa zamani uliotumika hivyo miaka na miaka, rangi imepandana unene karibu wa kidole, fundi akaukata kwa msumeno pembeni, na pale palipokatwa ukaona mistari myembamba, krimu, kijani cha Land Rover, bluu ya bahari, nyeupe, kijivu, krimu tena, kila mstari ni gari ya mtu. Wale ndugu walikuwa wanagombana kuhusu mali mpaka siku hiyo, na kila mmoja alitaka kipande cha ule ubao. Kama mnao msiuchome.

Spana pia zina maneno. Gari za Kiingereza za zamani zilitumia nati za vipimo vya inchi na Peugeot ni milimita, kwa hiyo ukizipanga zile spana mezani na kuona zipi zimechakaa zaidi utajua gari zipi zilikula muda mwingi. Zile alizojitengenezea Ami mwenyewe, kuna ambazo zimepindwa kwa moto ili zifike mahali pagumu, hizo mpige nazo picha kazishika.

Makaratasi sasa. Usiyapange upya kwa tarehe, ujue hivyo kabisa, kila mtu anatamani kufanya hivyo. Jinsi babu alivyoyaweka ndo taarifa yenyewe. Kama bili za mtu mmoja ziko kwenye droo ya juu pamoja na barua za familia, kuna sababu. Piga picha droo ikiwa wazi kabla hujagusa, ipe namba, toa karatasi kwa mfuatano ule ule, rudisha kwa mfuatano ule ule. Pini na klipu zilizoshika kutu toa taratibu, rababendi toa, mifuko ya nailoni toa. Selotepu usitumie hata kidogo na laminesheni ndo mbaya zaidi, ukishaichoma karatasi ndani ya plastiki hairudi. Zikiwa na unyevu zitandaze kivulini kwenye upepo, jua kali linaziunguza, na kama zina ukungu vaa barakoa ufanyie nje. Zenye wadudu zifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, weka kwenye friza la nyumbani wiki mbili, alafu ukitoa usifungue mpaka zirudi kwenye joto la kawaida, la sivyo zitatoa jasho. Mchwa ukiona njia yao ya udongo hata moja, hamisha kabati lote siku hiyo.

Kipi kwanza? Risiti zile za karatasi laini inayong'aa, za mashine, hizo zinafutika zenyewe, piga picha leo. Kopi za kaboni zinafuata. Leja zenye wino zimeishi miaka 60, zitakusubiri.

Picha za rangi za miaka ya 70 utakuta zimekuwa nyekundu, hiyo ni kemikali ya wakati ule na haina dawa kwa nakala yenyewe, ila ukiskani rangi zinaweza kurudishwa kiasi kwenye kompyuta. Nyeusi na nyeupe za studio zitakuwa bora zaidi, geuza nyuma utafute muhuri wa studio. Albamu zile za kurasa zenye gundi na plastiki juu zinakula picha, kama zinatoka bila nguvu toa, zikigoma usivute, piga ukurasa mzima ulivyo. Negativu zikinuka siki zimeanza kufa, zitenge na nyingine na uziskani mapema. Kuandika nyuma ya picha tumia penseli laini, pembeni, kalamu ya wino inapenya mbele. Ukiskani, karatasi dpi 300 (kipimo cha ukali wa picha) inatosha, picha 600. Kama huna skana, meza karibu na dirisha lisilopigwa na jua, bila flashi, simu iwe sambamba na karatasi.

Kutuma picha WhatsApp kama picha kunazibana na kuzipunguza, tuma kama dokumenti. Na WhatsApp sio kabati. Weka nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, moja kwa ndugu wa Maskati, nyumba tofauti na nchi tofauti. Flashi ya kuchomeka kwenye kompyuta ni ya kubebea tu, haihifadhi. Nilishawahi kupoteza mahojiano ya vikao vinne kwa sababu yalikuwa kwenye diski moja tu, na yule aliyeirudishia uhai alirudisha majina ya mafaili bila sauti ndani yake.

Tarehe za picha na karatasi, kuna njia ndogondogo zinazosaidia. Barua yenye anwani ya Tanganyika ni ya kabla au karibu sana na 1964, jina Tanzania lilianza Oktoba mwaka huo, ingawa watu walimalizia karatasi zao zilizochapwa kwa hiyo usiapie. Bei zilizoandikwa kabla ya katikati ya 1966 ni shilingi ya Afrika Mashariki, baada ya hapo ni yetu. Land Rover angalia taa za mbele, zikiwa zimekaa ndani katikati karibu na grili ni za zamani, zilihamia kwenye madigadi mwishoni mwa miaka ya 60. Namba za gari za T na tarakimu tatu na herufi tatu ni za kuanzia miaka ya 2000. Alafu muoneshe Ami picha, usimwambie wewe unafikiri ni lini.

Kuna kitabu kimoja nina hakika kipo hata kama hujakiona, daftari la madeni. Litunze kuliko leja zote, ila usiliweke mtandaoni wala usimpe mtu alipige picha. Mle ndani mna majina ya watu ambao watoto wao unakutana nao sokoni, na babu yako aliwasitiri. Akiuliza mtu wa utafiti mpe idadi na aina za gari, majina yabaki kwenu.

Na sasa kitu ambacho hukukiuliza. Gereji kama hiyo ilikuwa pia shule. Kila mwaka vijana waliingia kama spana boi, wakaosha vyuma kwa mafuta ya taa, wakapigwa makofi, wakajifunza, wakaondoka wakafungua za kwao. Kaa na Ami mchore mti wao kama mnavyochora mti wa ukoo: babu juu, chini yake aliowafundisha, chini yao waliofundishwa na hao. Nina imani utakuta nusu ya mafundi wazee wa Tanga wamo, na pengine wengine wako Korogwe, Mombasa, Dar. Wapigie. Kila mmoja ana picha moja, na ana neno moja alilolitoa kwa babu yako ambalo bado anawaambia vijana wake. Kiwanja kikiuzwa ule mti hauuziki. Na wanawake uwaweke, mama au bibi aliyekuwa anaandika hesabu usiku na kuwalisha mafundi kumi mchana, kwa kawaida hayupo kwenye picha hata moja kwa hiyo usipomuuliza mtu hatatajwa.

Nje ya nyumba yenu kuna sehemu za kutafuta. Matangazo ya magereji yalikuwa yanatoka kwenye Tanganyika Standard, lililoanza 1930, na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina kitengo cha East Africana chenye magazeti ya zamani. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa nayo iko Dar. Hapo Tanga pana makumbusho ya Urithi, kwenye boma la Wajerumani, ongea nao kuhusu kuwapa nakala za picha, nakala tu, asili zibaki kwenu mpaka familia yote imekubaliana. Na habari ya wale mameneja wa mkonge usiipite haraka, zao hilo lilifika kilele karibu tani 230,000 mwaka 1964, alafu bei ikaanguka kamba za plastiki zilipoingia, na 1967 mashamba mengi yakataifishwa. Watu wakaondoka, gari zikabaki. Biashara ya babu yako ilikulia kwenye mlango ule ule ambao wao walitokea, na mjini kwenu sidhani kama kuna aliyewahi kuliandika hilo kutokea upande wa gereji.

Kuhusu ndugu zako, usianze na mkutano wa kiwanja. Kata dakika mbili za sauti ya Ami, zile nzuri, tuma kwenye kundi la familia bila maelezo mengi. Acha siku mbili tatu zipite. Ndo uombe kwa maandishi kwamba hata mkiuza, mtu asiingie na nyundo mpaka mwezi mmoja upite wa kuhamisha vitu. Sijawahi kuona ndugu wakakataa ombi dogo kama hilo baada ya kusikia sauti inayotaja majina yao walipokuwa watoto wanachezea matairi.

Hela yako, kwa makadirio yangu ya kazi: kwanza diski mbili za nje, alafu maboksi magumu ya kadibodi na karatasi safi, alafu nauli na chakula cha Ami kwa vikao kama nane, alafu mbao na shuka za 404. Kikibaki kitu, mlipe kijana mmoja mwenye subira, mjukuu wa Ami kama yupo, awe anaandika kwenye daftari yale mzee anayotaja. Akiwa damu yake mzee ataeleza kwa kirefu zaidi, kwa sababu atakuwa anamfundisha.

Siku ya kwanza gerejini, funguo za 404 mpe Ami aifungue mwenyewe. Milango ya gari iliyokaa hivyo huwa ina namna yake, kuinyanyua kidogo alafu kuvuta, na anayeijua ni yeye.